Skrubu ya Kulia

Mume wangu, Simeon Mutahi, alipoanza kunuka kinywa sikumwambia. Nilihamisha kiti changu. Kwa miaka arubaini na sita tulikuwa tumekula kwenye meza moja, yeye akikaa mwanzoni mwa meza na mimi mkono wake wa kushoto. Mwezi wa pili mwaka huu nikahamia upande wa dirisha na kusema kwamba nahitaji mwanga wa kuchambulia mboga. Alikitazama kiti kitupu, akanitazama mimi, akaendelea kutafuna. Alitafuna upande mmoja tu.

Wiki iliyofuata, githeri ya mahindi na maharagwe ikiwa mbele yake, aliacha kijiko, akatia kidole mdomoni mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Inacheza," akasema.

"Nini kinachocheza?"

"Skrubu ya kushoto."

Simeon ana meno yake ya juu, lakini ya chini hana hata moja. La mwisho lilitoka akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Alipofika sitini na saba, daktari wa meno mjini Nyeri, Murungi kwa jina, alimtia skrubu mbili za titaniamu katika mfupa wa taya la chini, moja kushoto na moja kulia. Kila skrubu ina kichwa cha mviringo kilichochomoza juu ya ufizi, mfano wa kifungo cha koti, na juu ya vichwa hivyo hubanwa bamba lenye meno ya bandia. Bamba likibanwa halielei mdomoni kama yale ya zamani. Mtu anaweza kutafuna nyama ya mbuzi nalo.

Ambaye hakuishi na Simeon katika ile miaka kumi na mmoja ya katikati hawezi kujua hofu iliyonishika aliposema neno "inacheza". Katika miaka ile alikula uji na viazi vilivyopondwa. Aliacha kusoma neno kanisani. Wateja wa kitalu chake cha miche hapa Kianyaga aliwajibu huku amefunika mdomo kwa kiganja, nao wakadhani anawadharau. Aibu hiyo yote aliileta nyumbani jioni akanikabidhi mimi. Mara mbili alirusha sahani ukutani. Binti yetu Warigia aliacha kuwaleta watoto wake, akisema hataki wamwone mwanamume wa namna hiyo na kumwita guka, babu yao. Skrubu zilipowekwa, alirudi kula na watu, na watoto wakarudi. Sikumpenda zaidi kwa hilo, lakini nyumba ilikalika. Sikuwa tayari kuishi tena na yule mtu wa uji.

Asubuhi yake aliniita nilete kalamu na karatasi.

"Andika barua kwa wakubwa wa madaktari wa meno, Nairobi," akasema. "Andika kwamba Murungi aliniahidi miaka ishirini na mitano."

"Hakuahidi. Alisema wako watu waliokaa nazo miaka ishirini na mitano na zaidi."

"Kuna tofauti gani?"

"Hao si wewe."

"Andika."

"Sitaandika uongo kwa mwandiko wangu."

"Basi andika kwamba aliitaja miaka ishirini na mitano. Aliitaja au hakuitaja?"

"Aliitaja."

"Andika kwamba sasa ni miaka minne na moja inatingika. Andika kwamba nimezitunza kama nilivyoagizwa, bila kukosa hata siku moja."

Kalamu yangu ilisimama. "Umezitunza vipi?"

"Mama Warigia, unaandika au unasahihisha?"

Lilikuwapo jambo ambalo ningepaswa kulisema pale pale, kabla wino haujakauka. Sikulisema. Niliandika sentensi yake kama alivyoitaka, nikaweka nukta, nikaikunja barua na kuitia mkobani. Alitaka kwanza kumsomea Murungi mwenyewe, mbele ya wagonjwa wake.

Tulikwenda kwa pikapu yake. Kutoka Kianyaga hadi Karatina hakusema neno. Kutoka Karatina hadi Nyeri alisema moja, "Mwizi," nami sikumwuliza ni nani. Kliniki iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Msichana wa mapokezi, ambaye jina lake Wendy limeandikwa kifuani, alimwinukia kwa adabu.

"Karibu, Guka. Umepangiwa saa ngapi?"

"Mimi si guka yako. Mwite Murungi."

"Daktari Murungi alistaafu mwaka jana. Yuko kwao Nkubu. Siku hizi ni Daktari Kananu."

"Ametoroka."

"Amestaafu, Guka. Tulimkatia keki."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri, shavu limevimba, alicheka kidogo na kulishika shavu lake. Simeon akamgeukia.

"Wewe umekuja kufanywa nini?"

"Kung'olewa moja, mzee."

"Ukitoka, uhesabu yaliyobaki."

Mama yule aliacha kucheka, na Wendy akaona heri kutuingiza kabla ya zamu yetu.

Daktari Kananu ni mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mtu wa Meru asiyeijua vizuri lugha yetu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Hakutabasamu. Nilipenda jambo hilo, kwa kuwa sikuwa nimekwenda kutabasamiwa.

"Keti, mzee."

"Nitasimama."

"Siwezi kutazama mdomo wa mtu aliyesimama. Wanaosimama huwa wanajaribu viatu, hapo chini."

Simeon aliketi. "Wewe ni msichana wa juzi," akamwambia. "Hii kazi ni ya Murungi. Alisema itakaa miaka ishirini na tano. Sasa iko miaka nne na inatingika. Hiyo ni kazi ama ni wizi?"

"Sijui bado. Fungua mdomo."

Alitia kioo kidogo, akatazama, akatia kifaa kingine na kujaribu kulibandua bamba. Halikutoka. Alivuta tena, bila kuliweza. Akaweka vifaa chini.

"Mara ya mwisho kulitoa bamba hili ilikuwa lini?"

"Haijatolewa."

"Tangu lini?"

"Tangu Murungi alifunga."

"Miaka minne? Hata usiku? Hata kulisafisha?"

"Nasukutua na maji ya chumvi kila asubuhi," Simeon akasema, na katika sauti yake mlikuwa na fahari. "Hakuna siku nimekosa."

Daktari alivaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza. Alilegeza bamba upande mmoja, akalegeza upande wa pili, na hatimaye likatoka. Mimi, niliyekuwa nimehamia dirishani nyumbani, nilitafuta dirisha katika chumba kile na sikulipata. Upande wa chini wa bamba ulikuwa na ganda la rangi ya kahawia, gumu kama lile linaloganda ndani ya birika. Alilitia bamba katika bakuli la dawa, akampiga Simeon picha ya mfupa, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta.

Skrubu mbili zilionekana nyeupe na safi. Kuizunguka ile ya kushoto palikuwa na weusi uliochimba chini kama bakuli, karibu kufika ncha. Kuizunguka ya kulia palikuwa na weusi pia, lakini haukuwa umefika mbali.

"Skrubu haina kosa," daktari alisema. "Titaniamu haiozi wala haitoboki. Kinachoharibika ni pale inapokaa. Uchafu wa chakula ukikaa juu ya ufizi hugeuka utando, utando huo ukiachwa hugeuka kama jiwe, na chini ya jiwe hilo hukaa usaha. Usaha unakula mfupa. Jino la kawaida lingekuuma ukajua. Hili haliumi, linaanguka tu."

"Kwa hivyo?"

"Ya kushoto naitoa leo. Imekufa. Ya kulia imepoteza kama theluthi moja ya mfupa, lakini imeshika. Nikiisafisha leo hadi chini, na wewe ukiisafisha kila siku, inaweza kukaa miaka mingi. Usipoisafisha, mwaka hauishi. Na ikitoka hiyo, mfupa wako utakuwa umebaki mwembamba mno. Siwezi kukuahidi kwamba nitapata mahali pa kuweka nyingine."

Niliuona uji. Niliiona sahani ikienda ukutani.

Simeon alifunga mdomo wake, ambao bila bamba ulikuwa umebonyea na kumfanya mzee zaidi ya umri wake, akashika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka.

"Kushoto toa," akasema. "Kulia hakuna mtu atakwangua."

"Mzee, nimekueleza."

"Na mimi nakueleza. Niko na miche elfu nne Kianyaga. Avokado na makadamia, zote nimeunga kwa hii mikono. Mtu akinunua kwangu namwambia: pale pameungwa, usiguse. Usikwangue, usimwage dawa, usifunike na udongo. Ukigusa umeua mti. Mimi niliambiwa hii skrubu inashika kwa mfupa vile kijiti ya avokado inashika kwa shina. Nikaiacha ishike. Hata bamba sikutoa, ndio hewa isiingie. Nimeitunza kuliko mche yoyote. Sasa wewe unataka kuleta chuma ukwangue."

Daktari alishusha barakoa. "Nani alikwambia hayo?"

"Murungi."

"Daktari Murungi amenifundisha kazi miaka sita. Hawezi kusema hivyo."

"Alisema. Na niko na barua ya kumpeleka Nairobi. Mama Warigia, toa barua."

Sikuitoa. Daktari alikwenda kwenye kabati, akarudi na faili, akapekua hadi ukurasa aliokuwa akiutaka. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Akatufasiria kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka.

"'Maagizo ya utunzaji yametolewa kwa Kiswahili. Mgonjwa hakutaka kuelezwa zaidi. Mkewe, mwalimu mstaafu, ameelewa vizuri, na ameahidi kumweleza kwa lugha ya nyumbani. Karatasi ya maagizo amepewa mke.'"

Kisha akanitazama mimi. Simeon hakunitazama.

"Basi imeisha," Simeon akasema. "Huyu mwanamke ni mgumu, na ana mdomo mbaya, na nimeishi naye kwa taabu. Lakini hajakosea neno tangu azaliwe. Kile daktari alimwambia, hicho ndicho aliniambia. Kama maneno yalikuwa mabaya, yalitoka mbaya kwa Murungi. Nipe bamba yangu. Nitatafuta mtu Nanyuki, anitolee ya kushoto na aache hii ingine."

Aliinuka kweli. Aliunyosha mkono kuelekea bakuli la dawa. Katika miaka arubaini na sita hakuwahi kunisifu mbele ya mtu, na sasa alipokuwa akinisifu alikuwa anakwenda kuipoteza skrubu ya pili kwa sababu ya sifa hiyo.

"Murungi hakusema hivyo," nilisema. Nilisema kwa Kiswahili, ili daktari naye asikie.

Mkono wa Simeon ulisimama juu ya bakuli.

"Alisema mambo mawili," nikaendelea. "La kwanza, kwamba kwa miezi mitatu usiitafunie wala usiisumbue, mfupa upate kuishika. Hapo ndipo mimi, si yeye, niliposema ni kama kuunga avokado. Nilidhani utaelewa upesi zaidi. La pili alisema kwamba miezi mitatu ikiisha, bamba litolewe kila usiku, lisuguliwe, na vichwa vya skrubu visuguliwe kwa brashi laini pande zote, na urudi hapa kila baada ya miezi sita."

"La pili hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Kwa nini?"

Tulikuwa kwenye ngazi za jengo lile lile, miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimemaliza jambo la kwanza na kufungua kinywa kwa la pili, naye akanikatiza mbele ya watu waliokuwa wakipanda: niache kumfundisha kama mtoto wa darasa la nne, ameunga miti tangu kabla sijajua kushika chaki, jambo limemwingia. Watu wale walicheka. Nikaikunja karatasi ya maagizo, nikaitia mkobani, nikasema moyoni kwamba akiitaka ataiomba. Hakuiomba. Ilikaa katika droo yangu ya vitambaa miaka minne, nami kila nilipochukua kitambaa cha kanisani niliiona.

Nilimweleza yote hayo, kwa maneno machache kuliko haya.

Daktari Kananu hakunihurumia. "Ujumbe wa kumkumbusha arudi hutumwa kwa simu," akasema. "Humu namba ni moja. Ni ya nani?"

"Yangu."

"Umetumiwa mara ngapi?"

"Mara saba."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba hataki kuja."

"Ulimwuliza?"

"Mara ya kwanza. Alisema mti ulioshika haumtafuti fundi. Baada ya hapo sikumwuliza tena."

Nimewahoji watoto wengi waliokosa, nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza. Sikuwa nimejua kwamba upande huu hauna mahali pa kuweka mikono.

Simeon aligeuka, akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Miaka minne umekaa mezani pangu ukinitazama nikioza."

"Sikujua kwamba hulitoi bamba. Unaoga nje, unalala chumba chako. Nilidhani umeelewa mwenyewe."

"Ulihamisha kiti."

"Nilihamisha."

"Ulijua kunanuka, ukahamisha kiti."

"Ningekuambia ungerusha nini?"

"Ningerusha sahani. Halafu ningekwenda kwa daktari."

"Ulifanya watu wanicheke, Simeon."

"Watu gani? Wako wapi leo? Mfupa wangu ndio haupo."

"Mkitaka kugombana, ukumbi uko nje," alisema Daktari Kananu, ambaye hakuelewa maneno yote lakini alielewa sauti. "Nina wagonjwa sita. Mzee, ya kulia nisafishe au nisisafishe?"

Simeon alibaki amesimama, taya limebonyea, mate yakimchuruzika upande mmoja wa mdomo bila yeye kujua. Nilitoa kitambaa. Hakukipokea, alijipangusa kwa mkono wa koti.

"Toka," akaniambia.

Nilitoka. Mlango haukufungwa vizuri, na wala sikuufunga. Nilikisikia kiti kikilia chini yake, kisha sauti yake, safari hii bila kelele.

"Sasa nionyeshe. Usiniambie ni kama nini. Sitaki kuambiwa ni kama kitu ingine. Chukua hiyo brashi unionyeshe kwa mkono, halafu nifanye ukiona."

"Kwanza nikudunge sindano."

"Dunga."

Nilikaa kwenye benchi kwa saa moja na nusu. Mama wa shavu lililovimba aliitwa chumba cha pili, akatoka na pamba mdomoni, akapita mbele yangu bila kuniaga. Wendy aliniletea chai. Nilimwambia sinywi chai ya watu niliokuja kuwasumbua. Akasema, kama mjukuu kwa bibi yake, "Sawa, Cucu," akainywa mwenyewe.

Simeon alipotoka alikuwa na mfuko mdogo wenye vifaa na pamba upande wa kushoto. Nilimwuliza barua ile niifanye nini.

"Wewe ndiye unayejua kuandika," akasema kupitia pamba. "Toa jina la Murungi, uweke linalostahili."

Niliitoa barua mkobani, nikaiandika upya usiku uo huo kwa mwandiko wangu bora, jina langu mahali pa la Murungi, nikaiweka chini ya kikombe chake cha asubuhi pamoja na ile karatasi ya maagizo. Barua aliiacha pale ilipokuwa mpaka nikaiondoa mwenyewe nikipangusa meza. Karatasi ya maagizo aliichukua.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Bamba lililoshikwa na skrubu moja lilimyumbia, na kwa wiki kadhaa alirudishwa kwenye viazi vya kupondwa. Siku ya tisa aliisukuma sahani hadi ukingoni mwa meza. Aliitazama, akaivuta tena, akala. Warigia alipokuja na watoto aliwaambia hajisikii kuzungumza, lakini alikaa nao sebuleni, mdomo wazi bila kiganja, bamba limeinama upande. Mjukuu mdogo alimwuliza kwa nini meno yake yanalala. "Yamechoka na cucu wako," akajibu, na watoto wakacheka, nami nikaendelea kumenya ndizi.

Kila jioni, akimaliza kula, huenda kwenye bomba la kitalu. Hutandika taulo juu ya meza ya kufungia miche, maana bamba likianguka kwenye saruji huvunjika. Hulitoa, hulisugua kwa brashi na sabuni ya kuogea, kwa kuwa dawa ya meno hulikwaruza, kisha hulilaza ndani ya kikombe cha maji hadi asubuhi. Baada ya hapo hushika kioo cha pikapu ya zamani na brashi ndogo laini, akazunguka kichwa cha skrubu, mbele, nyuma, ubavuni. Mwisho huchukua uzi mpana, akaupitisha nyuma ya skrubu na kuvuta huku na huku, kama mtu anayeng'arisha kiatu. Inamchukua dakika kumi. Niliyaona hayo kutoka jikoni. Siku moja nilitoka na kwenda karibu, nikitaka tu kujua kama anafika upande wa ulimi, kwa sababu pale ndipo karatasi ilipopigiwa mstari. Alinipa mgongo na kufunika kikombe kwa taulo.

"Rudi jikoni, mwalimu."

"Upande wa ulimi unafika?"

"Unafika bila wewe."

Nilirudi. Namba ya simu kule kliniki aliibadilisha, ikawa yake.

Mwezi wa tisa ujumbe ulimfikia, naye hakuniambia. Nilijua kwa kuwa aliosha pikapu. Nilivaa koti langu nikakaa ndani ya gari kabla yake. Alinikuta pale, akapanda upande wake, akaliwasha.

Kliniki walimwingiza peke yake. Mlango ule bado haufungiki vizuri. Nadhani kitasa chake kimelegea na hakuna anayejali. Nilisikia mashine ya picha, na mikono yangu ikakunjana mapajani kama ya mtu anayesubiri habari za hospitali kubwa.

"Tazama hapa," sauti ya Daktari Kananu ilisema. "Hii ni ya mwezi wa tatu. Hii ni ya leo. Mstari wa mfupa uko palepale. Nimepima ufizi pande zote. Hautoi damu wala usaha. Umefanya kazi, mzee."

"Itakaa miaka ngapi?"

"Sitakupa namba."

"Murungi alitoa."

"Na wewe ukaigeuza hati ya kiwanja. Skrubu inaweza kukupita wewe, ukazikwa nayo. Bamba halitafika huko. Hilo huchakaa, pengine miaka saba, pengine kumi, na raba inayobana ndani yake nitakubadilishia kila mwaka. Lakini mfupa hauna mkataba na mtu. Ukiacha kusafisha, utaanza kuondoka tena, na hautakuuma, na hutajua."

"Na ya kushoto?"

"Ya kushoto nimesema nitafikiri nikiona miezi sita ya kazi. Nimeiona. Tutaanza na kujaza mfupa pale uliposhuka, kisha tungoje, kisha skrubu mpya. Kuna maagizo ya kungoja, na kuna maagizo ya baada ya kungoja, na ni tofauti. Nataka yaeleweke yote mawili leo. Mama yuko hapo nje. Nimwite aingie asikie?"

Niliinuka nusu kutoka kwenye benchi. Wendy aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake na kunitazama.

"Asiingie," Simeon alisema. "Niandikie kwa karatasi, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Unisomee, halafu mimi nikusomee. Halafu unipe kwa mkono yangu."

Nilikaa tena. Nilimsikia akisomewa, kisha nikamsikia akisoma mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma kanisani, akiburuta viambishi na kuchanganya ngeli, na sikumsahihisha hata moja. Alimaliza jambo la kwanza. Akavuta pumzi, akasoma la pili.

Alipotoka, karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, na mfuko umefungwa kifungo. Alipita mbele yangu kuelekea kwenye ngazi. Sikumwomba niione.